Makaa Chini ya Mchanga

Krr, krr, krr. Kisu kilikuwa kinakwangua viazi jikoni. Nje kulikuwa bado giza. Nilijua kwamba Diane, mke wa mwanangu, ameshaamka.

Ilikuwa Jumapili. Wiki nzima Diane hushona nguo sokoni. Mwanangu Jean Bosco ni motari. Hubeba abiria kwa pikipiki tangu asubuhi hadi jioni. Jumapili ndiyo siku yao ya kupumzika, lakini hata kupumzika kuna kazi yake. Viazi havijimenyi. Niliamka, nikachukua kisu cha pili. Diane alinisogezea kigoda kizima, yeye akakalia kile kibovu.

"Tunakwenda ziwani," alisema baadaye. "Nilimwahidi Ineza."

Ineza ni mjukuu wangu. Ana miaka sita, na ahadi haisahau.

Ufuko wa Gisenyi ni wa watu wote. Jumapili familia hutoka mitaani, nyingine hutoka Musanze na hata Kigali. Watu hutandika vitenge mchangani, watoto wanaoga, wapiga picha wanapita. Upande wa pili wa mpaka unaona nyumba za Goma. Ni mahali pazuri.

Lakini siku hizo watu walikuwa wananung'unika. Chini ya miti wanalala watu wasio na pengine pa kulala. Wageni wengine waliogopa kuibiwa. Wengine walisema vichakani kuna uchafu. Wenye watoto wadogo waliwashika mkono muda wote. Mimi siicheki hofu hiyo. Mzazi ana haki ya kumwogopea mtoto wake.

Hatukuwa tumemaliza kutandika kitenge. Ineza alivua viatu, akakimbia kuelekea majini. Karibu na mti mmoja alilia kwa sauti, akaanguka. Chini ya mchanga kulikuwa na makaa, bado ya moto. Mtu aliwasha moto usiku, kisha akaufukia.

Jean Bosco alimbeba mtoto. Mwanamke mmoja alitaka kumpaka dawa ya meno kwenye unyayo. Diane alikataa. Alifundishwa kwenye kituo cha afya kwamba aliyeungua humwagiwa maji safi ya baridi kwa muda mrefu, wala hapakwi dawa ya meno wala siagi. Tulimpeleka Ineza kwenye bomba la kibanda cha soda. Muuza soda alitupa kiti chake mwenyewe. Maji yalitiririka sana, naye hakutudai kitu.

Watu walikusanyika, kila mtu na neno lake. Mmoja alisema wanaolala pale wafagiwe wote. Mwingine alitoa simu awaite watu wa doria.

Ndipo mwanamke kijana akatoka nyuma ya miti. Alikuwa amefunga mtoto mchanga kifuani kwa kitenge kilichochakaa. Angeweza kukaa kimya. Hakuna aliyemjua.

"Ile makaa ni yangu," alisema. "Ingine iko pale, chini ya muti wa pili. Mutoshe watoto."

Watu waliwaondoa watoto wao haraka. Muuza soda alikwenda na ndoo, akamwaga maji pale alipoonyeshwa. Mchanga ulitoa mvuke.

Jean Bosco alimgeukia yule mwanamke. Sitaandika yote aliyosema. Alikuwa baba aliyeshtuka. Mwisho alimwuliza kwa nini anafukia moto kama mtu aliyeiba.

"Wakiona moshi wananifukuza," alijibu. "Na mutoto anasikia baridi."

Bwana mmoja alimtupia sarafu ili aondoke. Ilianguka mchangani. Hakuiokota. Mimi nilikuwa namtazama mtoto. Uso wake bado ulikuwa na mikunjo ya kuzaliwa.

Kwetu, mwanamke akijifungua, majirani huenda kumhemba. Hubeba uji wa mtama na maziwa. Huketi naye, humpakata mtoto, huuliza jina. Mzazi asiyehembwa ni kama mtu aliyezaa bila mtu kujua. Kwa hiyo nilimsogelea, nikamwuliza polepole, "Binti yangu, nani amekuja kukuhemba?"

"Hakuna mutu, Maman. Watakuja wapi? Mi sina nyumba."

Watu wa doria hawakuwa wamefika bado. Alipita katikati ya miti, akaenda zake.

Nyumbani tulikula viazi vilivyopoa. Jean Bosco alisema hatutarudi tena ufukoni, na kwamba kesho atamwambia kiongozi wa kijiji yule mwanamke aondolewe. Diane alikuwa anafunga kitambaa safi kwenye mguu wa Ineza. Alisema mwanamke yule ndiye aliyewaokoa watoto wengine. Jean Bosco alisema ndiye pia aliyemchoma wa kwao. Wote wawili walisema kweli. Wote wawili walikuwa wamechoka. Nikaenda kumwita Béata.

Béata ni jirani yetu, anauza mkaa na sabuni. Pia ni rafiki wa familia wa kijiji chetu, yule anayechaguliwa na wanakijiji kusaidia nyumba zenye shida na kulinda watoto. Aliketi, akasikiliza upande wa Jean Bosco mpaka mwisho. Kwanza aliuangalia mguu wa Ineza. Aliona malengelenge, akamwambia Diane asiyatoboe, na kesho ampeleke kituo cha afya. Kisha akasema:

"Tumewafukuza mara nyingi, Jean Bosco. Wanarudi. Na wakirudi wanajificha zaidi. Anayejificha ndiye anayefukia moto."

"Basi mlete alale kitandani kwangu," Jean Bosco alisema. "Mimi nitalala juu ya pikipiki."

"Pikipiki yako haina blanketi."

Diane alicheka. Jean Bosco hakucheka, lakini alibaki pale pale.

Béata alitueleza kwamba sarafu haimwondoi mtu mchangani. Inampa chakula cha leo, kesho yuko pale pale. Kumfukuza kunamhamisha mti tu. Mtu asiye na nyumba anahitaji kwanza mtu wa kumjua: jina lake, kwao, kilichomtoa. Bila hayo hakuna mlango unaoweza kumfungukia. Tena aulizwe kwa heshima, bila kumpiga picha, wala mbele ya watu.

"Siwezi kuahidi nyumba," alisema. "Naweza kwenda naye."

Kesho yake jioni Diane alipika uji wa mtama. Alikuwa ametoka kazini na macho mekundu, lakini aliuchuja mara mbili ili usiwe na pumba. Tuliutia kwenye chupa ya chai, tukashuka ziwani mimi, Diane na Béata. Tulimkuta yule mwanamke nyuma ya kibanda kilichofungwa. Alipotuona aliinuka akimbie.

"Tumekuja kukuhemba," nilisema.

Hakukimbia. Lakini uji hakuugusa. Watu walikuwa wanapita barabarani, na kwetu mtu mzima huona aibu kula njiani akitazamwa. Diane alielewa kabla yangu. Alivua kitenge chake cha juu. Yeye alishika upande mmoja, Béata upande mwingine, wakafanya ukuta. Mwanamke aliketi nyuma ya ukuta ule, akanywa vikombe vitatu. Mimi nilimpakata mtoto. Alikuwa mwepesi, na miguu yake ilikuwa ya baridi.

Alituambia jina lake, Languida. Kwao ni Kanzenze. Yeye na mume wake walikuwa wamepanga chumba karibu na mto Sebeya, mafuriko yakabomoa ukuta. Mume alivuka kwenda Goma kutafuta kazi ya kubeba mizigo. Hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari zake. Languida alijifungua nyumbani kwa mwanamke aliyemhifadhi siku chache. Baada ya hapo alilala mchangani.

Béata alimwuliza kwa nini hajampeleka mtoto kituo cha afya. Languida alimchukua mtoto kutoka mikononi mwangu kabla ya kujibu.

"Wanasema mukinijua, mimi mutanipeleka kwingine na mutoto kwingine. Bora baridi."

Hilo ndilo lililomfanya afukie moto. Baridi alikuwa ameizoea. Aliogopa kunyang'anywa mtoto.

Béata aliweka kikombe chini.

"Umaskini si kosa la kumtenga mama na mtoto," alisema. "Popote tutakapokwenda, utambeba wewe. Atakayetaka kumchukua ataanza na mimi."

"Na we ni nani?"

"Jirani yako, kuanzia leo."

Languida alikunja blanketi lake, akamwagia maji majivu yake ya jana, akatufuata.

Alilala sebuleni kwa Béata. Asubuhi walikwenda kituo cha afya. Diane na Ineza walikwenda nao ili mguu uangaliwe tena. Muuguzi alimpima mtoto uzito, akasikiliza kifua chake. Mtoto alikuwa na mafua, lakini hakuwa na hatari. Alipewa chanjo. Mama naye alipimwa, kwa sababu mzazi pia huumia. Muda wote Languida alimbeba mtoto wake mwenyewe.

Mengine hayakuwa mepesi. Mahali pa kwanza yeye na Béata walipoomba makazi, waliambiwa Languida arudi kwao, na kwao wazazi walikufa na shamba limegawanywa. Mahali pa pili waliambiwa warudi wiki nyingine. Walirudi. Waliambiwa tena. Béata aliniambia kwamba miguu yake inauma kuliko yangu, nami nina miaka mingi kuliko yeye. Siku moja Languida alifungasha blanketi arudi ziwani ili asiendelee kumchosha mtu. Béata alimpa ndoo, akamwambia kwanza akachote maji. Aliporudi na maji, habari ya kuondoka haikutajwa tena.

Mwishowe kiongozi wa kijiji alizungumza na mjane mmoja, Umugwaneza. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na jiko la zamani. Paa lilikuwa zima, ukuta mmoja umeanguka, na mlango haukuwepo. Mjane alisema hana haja ya kodi, ana haja ya mtu wa kumsikia akikohoa.

Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi ya pamoja, majirani walikanda udongo wakausimamisha ukuta. Jean Bosco hakuonekana. Jua lilipokuwa kali, pikipiki ilipanda kilima polepole, na nyuma yake mlango wa mbao umefungwa kwa kamba. Jean Bosco aliupigilia bawaba, akajaribu kufuli, akaujaribu tena. Alimpa Languida ufunguo bila kumtazama sana, akaondoka na vumbi lake.

Sasa Languida huanika sambaza, samaki wadogo wa ziwani, pamoja na wanawake wa wavuvi, na mtoto hulala kivulini karibu naye. Ufukoni, Béata na walinzi walikubaliana mahali pamoja pa kuwasha moto, pamezungushiwa mawe, na kila asubuhi majivu humwagiwa maji. Familia zinapita bila kuogopa mchanga. Lakini bado kuna watu wanaolala pale. Si wote waliopata mlango, na Béata ni mmoja tu.

Kwa hiyo ukimkuta mzazi analala nje, usimtupie sarafu, usimfukuze. Msalimie. Muulize jina. Kisha mtafute rafiki wa familia au kiongozi wa kijiji, na uende naye. Usimtume peke yake.

Jumapili iliyopita tulikwenda kwa Languida, mimi, Diane na Ineza. Alitupa chai kwa vikombe vya mjane. Mtoto sasa anaitwa Muhire. Alimshika Ineza kidole, akakataa kukiachia. Tulipoinuka, Languida alitusindikiza hadi barabarani, kama mwenye nyumba yeyote. Alisimama pale akimbembeleza mtoto.

"Maman, mukuje tena Jumapili," alisema. "Na papa ya Ineza mumuambie aje. Yeye ndiye aliweka mulango, lakini bado hajaingia ndani."