Asante Moja kwa Watu Thelathini na Mmoja

Kila Jumamosi kazi yangu ya kwanza ni kufagia uwanja, ya pili ni kuosha vyombo, na ya tatu ni kumgombeza mdogo wangu Kilian, ambaye lazima apite na matope mahali nilipofagia. Jumamosi ile nilizimaliza zote tatu mapema, kwa sababu ilikuwa tarehe kumi na sita Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Hedwiga. Ndiyo siku niliyozaliwa, na ndiyo maana Bibi alinipa jina hilo. Nilikuwa natimiza miaka kumi na miwili.

Mama alitoka ndani na simu mkononi. "Mwenye siku yake, njoo uone! Simu imejaa salamu mpaka inapata moto. Kaa chini uwajibu, mmoja mmoja, kwa jina lake."

Nilihesabu watu thelathini na mmoja. Walikuwemo mashangazi, wajomba, majirani wa jumuiya yetu hapa Mbinga, Mwalimu Isidori, na wenzangu wa darasa la sita walioazima simu za mama zao. Haya, ungekuwa wewe ungefanyaje? Rafiki yangu Mwanahamisi alikuwa ananisubiri kwao, na mama yake alikuwa ametukaangia maandazi ya iliki. Mimi nikafanya ujanja. Niliandika ujumbe mmoja: "Asante sana kwa kunikumbuka katika siku yangu. Nimefurahi mno. Mungu akubariki." Kisha nikaunakili na kuwatumia wote. Hata dakika tano hazikuisha.

Mmoja wao alikuwa Bibi Kunigunda, mama yake mama, anayeishi Lituhi kando ya ziwa. Bibi hajui kusoma wala kuandika, kwa hiyo huongea tu, na Mjomba Ildefonsi humbonyezea simu na kumsomea majibu. Ujumbe wake wa sauti ulikuwa wa dakika nne na nusu. Dakika nne na nusu! Namjua Bibi. Atasalimia, kisha ataulizia kila mtu mpaka mbuzi wa jirani yetu. Nikasema nitausikiliza baadaye, nikamtumia asante ileile, nikakimbilia maandazi. Hiyo baadaye sikuikumbuka tena.

Jumapili tulipotoka kanisani, Mama alimpigia Bibi. Walipomaliza kusalimiana alinipa simu, akaingia jikoni kusonga ugali.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mama. Yule mbasa mlimpata salama? Hakuharibika njiani?"

Mbasa? Samaki gani tena huyo? Ningeuliza tu, mambo yangeishia hapo. Lakini ningeanzaje kusema kwamba sikuusikiliza ujumbe wake, wakati nilishamwambia nimefurahi mno?

"Tulimpata, Bibi. Alikuwa mtamu sana."

"Na Kilian alikula?"

"Alikula mpaka akaomba tena."

Uongo ulinitoka hivyo, laini kabisa. Bibi alicheka kwa furaha.

Nilikwenda na simu nyuma ya nyumba, nikausikiliza ujumbe. Ni kweli, alianza na mbuzi. Lakini baadaye sauti yake ilishuka. "Mjukuu wangu, ulipokuja likizo ya Juni ulinitekea maji kila asubuhi kwa sababu ya goti langu. Sikukushukuru vizuri. Leo nimejikongoja mpaka ufukweni, nimesubiri mitumbwi irudi, nimepata mbasa mmoja mnene. Nimemweka kwenye ndoo na barafu. Anakuja na basi, atafika stendi saa tisa. Nenda mwenyewe ukampokee. Hiyo ndiyo asante yangu kwako."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumatatu baada ya masomo nilikwenda stendi na Mwanahamisi. Mizigo inayokosa mwenyewe huachwa kwenye duka la Mama Abdulmalik.

"Shikamoo, mama. Kuna ndoo yangu kutoka Lituhi?"

"Marahaba. Kumbe Hedwiga ndiye wewe? Ulikuwa wapi, mwanangu? Jumamosi tumekuita mpaka sauti zikakauka. Jana wateja walikuwa wanaingia dukani wameziba pua. Nimemfukia huko nyuma, sikuwa na jinsi. Samaki mkubwa hivi! Roho iliniuma."

"Kwa nini hawakutupigia simu?"

"Hata mimi nilimuuliza konda hivyohivyo. Alisema bibi yako hakumpa namba. Alimwambia hakuna haja, mjukuu wake ameshajibu kwamba amefurahi mno, atakuwepo stendi kulisubiri basi."

Kumbe ujumbe wangu ndio uliomwozesha yule samaki. Kama nisingejibu kabisa, Bibi angepiga simu kuuliza.

Mama Abdulmalik alinipa ndoo. Alikuwa ameiosha kwa sabuni, na ndani yake aliikunja khanga ya Bibi iliyokuwa imefunika mzigo, nayo ameifua.

"Usiseme kitu," Mwanahamisi alininong'oneza njiani. "Bibi yako anajua mmekula na amefurahi. Mwache na furaha yake."

Nilimsikiliza, kwa sababu alisema nilichotaka kusikia. Niliificha ndoo nyuma ya kuni. Lakini wee! Ndoo ya plastiki haina mdomo, ila ile ilinisema siku mbili nzima. Kila nikienda kuchukua kuni naiona. Chakula nilikiacha kwenye sahani. Mama aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni kichwa. Huo nao ulikuwa uongo mwingine.

Jumatano jioni Mjomba Ildefonsi alimpigia Mama. Mama alikuwa anapembua maharage, kwa hiyo aliweka simu kwenye spika.

"Dada, mama yetu haambiliki," Mjomba alisema. "Tangu asikie mlivyomfurahia yule mbasa, amewatangazia wanakwaya wote wa kanisani kwake. Sasa anasema Jumamosi anashuka tena ufukweni kumtafutia Hedwiga mwingine. Na goti lenyewe limevimba tangu siku ile! Hebu ongea naye wewe."

"Mbasa gani?" Mama aliuliza. "Haloo? Ildefonsi?"

Simu ilikatika. Mama aliniangalia. "Hedwiga, mjomba wako anazungumzia nini?"

Ningeweza kusema sijui. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Halafu nikamwona Bibi akijikongoja kwenye mchanga na goti limevimba, eti kwa sababu Kilian aliomba tena. Nilinyanyuka, nikaenda kwenye kuni, nikarudi na ndoo, nikaiweka mbele ya Mama. Nilimweleza yote, tangu maandazi mpaka samaki kufukiwa.

Mama hakunigombeza. Aliweka ungo wa maharage chini, akachukua simu.

"Mimi nimekusikia," alisema. "Lakini aliyetembea na goti bovu siyo mimi. Simu hii hapa."

Nilimpigia Bibi, nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilisikia kuku wake wakilia uani.

"Kwa hiyo, mjukuu wangu," aliuliza polepole, "ile asante ilikuwa ya nini?"

"Haikuwa ya kitu, Bibi. Niliwatumia watu wote ileile. Nisamehe." Nililia bila kujizuia.

"Samaki ameoza, basi, ziwa lipo. Kinachoniuma ni kwamba nimeongea na wewe asubuhi nzima, kumbe naongea peke yangu. Halafu ukaniongezea na uongo! Sasa wanakwaya nitawaambia nini?"

"Nitawaambia mwenyewe, Bibi, nikija Desemba."

"Utawaambia kweli, na mimi nitakuwa nimekaa palepale nasikia." Alivuta pumzi. "Lakini leo umesema kweli kabla sijaenda kuliua goti langu bure. Hilo nimeliona, na nimekusamehe. Sasa shika neno hili. Kushukuru ni kumjibu mtu, mama. Huwezi kumjibu mtu ambaye hukumsikiliza."

"Nimesikia, Bibi. Hutashuka ufukweni?"

"Sishuki."

Jioni ileile Mama alinikalisha kibarazani nizisome upya salamu zote. Jamani, aibu haikuisha! Mwalimu Isidori alikuwa ameniuliza kama niko tayari kusoma somo kanisani Jumapili ijayo. Shangazi Gaudiosa wa Tingi aliandika hivi: "Hongera mwanangu. Mimi homa imenilaza wiki nzima, niombee." Nami nilikuwa nimemjibu kwamba nimefurahi mno! Nilimpigia kabla ya wengine wote, nikamwomba radhi. Wengine niliwaandikia mmoja mmoja, kwa jina lake, na kazi hiyo ilinichukua siku mbili.

Jumamosi niliirudisha ndoo Lituhi kwa basi. Haikurudi tupu. Niliijaza maharage niliyoyapembua mwenyewe, nikaifunika kwa khanga ya Bibi niliyoipiga pasi, na konda nikamwandikia namba ya simu ya Mjomba mahali pawili. Nilimtumia Bibi ujumbe wa sauti, nikamshukuru kwa goti lake, kwa kusubiri mitumbwi, kwa barafu, na kwa kuyakumbuka yale maji ya Juni ambayo mimi nilikuwa nimeyasahau.

Kabla ya magharibi jibu lake liliingia. Lilikuwa la dakika sita. Nilimwambia Kilian anyamaze, nikakaa kwenye ngazi, nikasikiliza mpaka mwisho. Maharage yamefika, yote mazima. Goti limeanza kunywea. Ila mwanzoni kabisa, kama kawaida yake, alikuwa ameulizia mbuzi wa jirani.

Nikainuka, nikaenda kumwangalia yule mbuzi, ili nipate cha kumjibu Bibi.