Jeraha Lililofichwa

Kila asubuhi fundi cherehani na mke wake walikunywa chai wakipiga soga. Mke alikuwa daktari wa mifugo wa serikali, na hadithi zake za mbuzi wakorofi hazikuwa na mwisho. Lakini ofisini alipokuja mkuu mpya, hadithi zilikauka.

Mkuu huyo alikuwa mkali kama pilipili. Aliwafokea wafanyakazi mbele ya wafugaji. Siku moja mpimaji wa maabara alimwambia glavu zimekwisha. Akajibiwa kwamba aliyechoka kazi, mlango uko wazi. Tangu siku hiyo kila mtu alifunga mdomo wake.

Jioni moja mke alirudi mkono umefungwa kitambaa. Mume alipouliza, alisema amekwaruzwa na waya. Mume hakuridhika. Akamwita jirani yao, muuguzi. Muuguzi alifungua kitambaa, akaona alama za meno.

"Mbwa?" aliuliza.

"Mbwa. Mchana huu. Alikuwa akitokwa na mate mengi."

Muuguzi alimpeleka bombani. Wakaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano. Kisha wakaenda hospitali, akaanza sindano za kinga jioni ile ile.

"Wewe unajua kuliko mimi," muuguzi alimwambia. "Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, hakitibiki. Kwa nini ulinyamaza?"

"Nikisema, nitaambiwa mzembe."

Muuguzi hakumlaumu. Alimweleza kwamba wodini kwao pia ilikuwa hivyo. Hofu haikuzuia makosa, iliyaficha tu. Ndipo wafanyakazi wakaandika kwenye karatasi, bila majina, jinsi wanavyoiona kazi yao. Wakaenda kwa mkuu wao pamoja, si mmoja mmoja. Wakazungumzia kazi, si tabia ya mtu.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Hata ofisi huumbuka."

Wiki iliyofuata mke aliwaeleza wenzake ofisini, na wafanyakazi wote kumi na mmoja wakaandika. Mke, dereva wa ofisi na mpimaji walizipeleka karatasi kwa mkuu. Mke alieleza pia habari za mbwa na glavu.

Mkuu alizisoma moja moja. Karatasi tisa zilikuwa na neno moja: naogopa. Alivua miwani, akaiweka mezani.

"Mimi nimefokewa miaka ishirini," alisema. "Nilidhani ndiko kuongoza."

Hakugeuka malaika. Mara nyingine sauti ilimpanda, akaishusha mwenyewe. Lakini glavu zililetwa. Kila Jumatatu kukawa na kikao, na aliyepata tatizo alilisema bila kukatizwa. Mke alimaliza sindano zake zote, akabaki mzima.

Miezi mitatu baadaye, mkuu ndiye aliyeanza kusema kikaoni.

"Nimekosea tarehe ya chanjo. Wafugaji wameshafika na ng'ombe wao, na sisi tumekaa hapa. Nisaidieni."

Watu walitazamana. Kisha dereva akachukua funguo za gari. Mpimaji akabeba kasha la chanjo. Daktari akavaa mabuti.

Hadi saa kumi jioni, ng'ombe mia mbili walikuwa wamechanjwa. Mkuu alirudi ofisini na matope hadi magotini, kwa sababu siku nzima alikuwa akishika pembe za ng'ombe.