Maksi Tatu kwa Kumi

Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi, Mulwa aliingia kwenye duka la video la Musembi, mjini Machakos, bila hata kusalimia. Akaibwaga kaseti juu ya kaunta.

"Mmeniharibia filamu!"

Syombua, msichana wa kaunta, alikuwa bado na kitambaa cha vumbi mkononi. "Pole, Mulwa. Kwani kumekuwa nini?"

"Jana nimefika na lori kutoka Mombasa, macho mekundu. Nikasema silali mpaka nione hii filamu ya hoteli ambayo kila mtu anaisema. Nikakaa masaa mawili. Watu watatu wamekufa! Mpelelezi akawaita wote sebuleni, akanyoosha kidole, akasema, 'Muuaji ni...' Halafu nikaona nini? Hali ya hewa!"

"Hali ya hewa?"

"Mtu wa taarifa ya habari na ramani yake! 'Kesho Alhamisi, mvua nyepesi Ukambani.' Mimi nataka muuaji, ananipa mvua! Na usiniambie ni nani, Syombua. Nataka nimuone na macho yangu."

Kelele hizo zilimtoa Musembi kwenye duka lake la misumari na rangi lililokuwa mlango wa pili. Alikuja na futi yake ya kupimia ikiwa shingoni, akaitia kaseti kwenye mashine, akamtazama mtu wa mvua mpaka mwisho. Baada ya mvua, chenga tupu.

"Kaseti ni hii moja tu mji mzima," alisema. "Mashine ya kurekodi iko hapa, na anayekaa nayo ni wewe. Saa kumi jioni nikirudi, nataka jina la mtu. Kama hakuna, utaniachia funguo."

Akaondoka. Syombua akalia kidogo, maana hakuna aliyekuwa akimwona isipokuwa Mulwa, na Mulwa alikuwa na huzuni zake. Kazi hii aliipenda kupita kiasi. Akifukuzwa kwa kuharibu mali, hakuna duka ambalo lingemchukua Machakos. Angerudi Ndithini kupalilia mahindi ya shangazi yake, ambaye mpaka leo humuuliza kama kukodisha watu picha za wazungu wakibusiana nayo ni kazi.

Alipomaliza kulia alipangusa uso kwa kitambaa kile kile cha vumbi, akaanza kuchunguza.

Mgongoni mwa kila kaseti ya duka, kile kidude cha plastiki kilikuwa kimevunjwa ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Kwenye hii nacho kilikuwa kimevunjwa, lakini tundu lilikuwa limezibwa kwa kipande cha karatasi ya kaki, kimekatwa vizuri kwa makasi na kubandikwa kwa gundi. Syombua alikibandua polepole. Upande wa ndani kulikuwa na alama ya vema, nusu yake, kwa wino mwekundu. Akakiweka kwenye kiberiti kitupu.

Kisha akafungua daftari la maoni. Daftari hilo lilining'inia kwa kamba kando ya mlango, pamoja na kalamu ya bluu, na kila aliyerudisha kaseti aliandika alivyoiona filamu na kuipa maksi kwa kumi. Mwaka huo wa 2000 hapakuwa na gazeti lililosomwa hivyo Machakos.

Mwalimu Aloys, aliyestaafu, alikuwa ameandika kwa kalamu yake mwenyewe, nyekundu: "Hadithi ya watoto. Muuaji ni daktari, nilimjua mapema. 3/10." Fosia wa duka la vitambaa akafuata: "Mpishi! Wallahi sikumdhania. 9/10." Juu ya maneno ya Fosia kulikuwa na mkasi mkubwa mwekundu, alama ya kosa. Hilo halikumshangaza Syombua. Mwalimu alisahihisha maoni ya kila mtu, na aliwahi kumpunguzia mteja maksi mbili kwa mwandiko mbaya. Wa mwisho alikuwa Kilonzo, muuza nyama: "Mwisho mtamu sana. Daktari alistahili jela. 8/10."

Kitabu cha kukodisha kilisema hivi: Mwalimu aliichukua Jumatatu, akairudisha Jumanne asubuhi. Fosia aliichukua Jumanne, akairudisha Jumatano adhuhuri. Kilonzo, Jumatano saa tisa mpaka Alhamisi. Mulwa, Ijumaa. Kwa kuwa mtu wa mvua alisema "kesho Alhamisi", alirekodiwa Jumatano jioni. Jumatano jioni kaseti ilikuwa kwa Kilonzo.

Saa tano Syombua alimwomba Mulwa alinde duka, akaenda buchani.

"Kilonzo, Jumatano jioni ulifanya nini na ile kaseti?"

"Si niliangalia? Si niliandika?" Kilonzo aliendelea kukata mbavu. "Mwisho mtamu sana."

"Jumatano mtaa wenu huwa hauna stima. Mgao. Uliangalia na mshumaa?"

Kisu kilisimama. Kilonzo akatazama kulia na kushoto. "Syombua, afadhali useme nimeiba kuliko useme sikuangalia. Hapa watu wananiuliza maoni wakinunua nyama. Nilinakili tu ya Mwalimu, nikaongeza maksi."

"Sasa kaseti ilikuwa wapi?"

"Kuna mtu alikuja akaniomba. Akasema anataka kuhakikisha jambo moja. Akairudisha asubuhi."

"Nani?"

"Siwezi kumtaja. Huyo mtu alinichapa kutoka darasa la nne mpaka la saba."

Aiya! Kuna siri nyingine zinalindwa na mtu mwenye mdomo kama mlango wa soko. Syombua alishukuru, akaenda kwa Fosia kupata uhakika.

Fosia alikuwa akipima kitambaa cha dera. "Dada, hiyo filamu nimeitazama mara mbili. Ya pili nilikuwa namtazama mpishi tu, na sufuria zake. Jumatano nikirudisha nilikutana na Mwalimu pale mlangoni. Nikamwambia, Mwalimu, umekosea. Akaniuliza mara tatu kama niko na hakika. Jasho lilimtoka, maskini."

Saa kumi kamili Musembi alirudi, futi shingoni. Kilonzo na Fosia walikuwa wamefika, na Mulwa alikuwa ameketi pembeni, vidole masikioni. Mwalimu Aloys aliingia na koti lake, kama kawaida yake, kuja kusahihisha.

Syombua alikisogeza kiberiti chake karibu. Mwalimu huyu alimfundisha yeye pia.

"Mwalimu, shikamoo. Ile ya hoteli uliitazama mpaka mwisho?"

"Swali gani hilo? Soma daftari."

"Nimesoma na kitabu pia. Jumanne uliirudisha imesimama katikati. Niliirudisha nyuma mimi mwenyewe, na nimeandika hapa."

"Nilikuwa nimeshajua mwisho. Ya nini kuendelea?"

Syombua akafungua kiberiti. "Tundu la kaseti lilizibwa na hii. Kaki ya kufunika madaftari, na ina vema yako."

"Kaki iko kila nyumba!"

"Kalamu nyekundu haiko. Na Jumatano kwa Kilonzo hakukuwa na stima. Kwako ilikuwepo, na mashine yako inarekodi."

Kilonzo akatazama dari kwa bidii. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Saa hii ningekuwa narudisha funguo, Mwalimu," Syombua alisema. "Kwa makosa yako."

Hapo mzee alilegea. "Mimi sikujua watakuonea wewe, mwanangu. Miaka thelathini na moja nimefundisha, hakuna mtoto aliyeniambia nimekosa. Na hii nilikuwa nimeitangaza kila mahali! Kwa kinyozi, kwenye kwaya, mpaka kwa padri! Daktari, daktari! Jumatano nikakaa nikaitazama yote. Sasa nikawaza, ule mwisho ukipotea, nani atajua? Kumbe ni mpishi! Mpishi!"

Alilipaza hilo neno la mwisho mpaka barabarani. Mulwa, aliyekuwa ametoa vidole masikioni asipitwe na ugomvi, alitoa mlio wa kusikitisha.

Musembi alisema Mwalimu atakwenda Nairobi mwenyewe kutafuta kaseti nyingine, na hakuna aliyepinga. Kisha akalifungua daftari na kumwekea mbele. Mwalimu akatoa kalamu nyekundu. Akapiga mkasi juu ya maoni yake mwenyewe, akaandika chini yake: "Nimekosa. Samahani, Syombua. 0/10." Akaweka vema kwa Fosia.

"Na mwandiko wangu?" Fosia aliuliza.

"Unaweza kuboreshwa," Mwalimu alisema.

Musembi akamsukumia Syombua funguo zilizokuwa zimewekwa tayari juu ya kaunta, na Syombua akazifungia ndani ya ngumi kama mtu anayeshika kuku.

Mulwa ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka. Mlangoni alisimama, akavuta kalamu ya bluu kwa kamba yake, akaandika taratibu: "Upelelezi wa Syombua. Mzuri kabisa. 9/10. Moja nimetoa kwa sababu sasa najua ni mpishi."