Kiondo cha Mboga, Kiondo cha Mahindi

Kila asubuhi Ndunge alichota maji, akampikia mumewe uji, kisha akaketi mlangoni kusuka vyondo, vikapu vya katani vya kwao, mtoto wake Mwelu amelala mgongoni. Walikaa Kabiria, pembeni mwa Nairobi, katika chumba cha kupanga. Mumewe, Wambua, alifagia ofisi mjini. Ilikuwa miaka ya hamsini, na mshahara wa mtu mmoja ulikuwa kama shuka fupi. Ukifunika kichwa, miguu iko nje.

"Vyondo visipouzika," Wambua alimwambia, "mvua ikikaribia utarudi kwetu Kangundo ukalime. Mimi nitabaki hapa."

Ndunge hakutaka kuishi mbali na mumewe. Lakini kila alipokwenda Parklands kuwauzia Wahindi, alirudi na mzigo wote. Naye jirani yake Peres, mama yake Odero, alirudi mikono mitupu, vikapu vyake vyote vimeuzika, akiimba.

Ndunge akaona wivu. Vikapu vya Peres vilikuwa vya matete, tena vimelegea. Kiondo cha Ndunge ungeweza kukikalia! Peres akicheka, Ndunge alidhani anachekwa yeye. Peres akinunua sukari, chai ya Ndunge iligeuka chungu. Siku moja akawaambia wanawake kwenye mfereji wa maji, "Yule ana dawa. Mhindi gani atanunua takataka zile hivi hivi?"

Maneno hayana miguu, lakini hufika. Jioni Peres alisimama mlangoni pake.

"Mama Mwelu, nasikia nina dawa."

Ndunge akainamisha kichwa.

"Basi kesho twende, uione. Lakini wewe ndiwe utakayetangulia kubisha."

Kesho yake, huko Parklands, mama mmoja wa Kihindi alifungua mlango. Ndunge akainua kiondo juu.

"Mama, angalia! Kwetu tunabebea mahindi debe zima. Hata ukitia nyama ya mbuzi mbichi, damu haipiti!"

"Hapana taka! Kwenda!" Mlango ukafungwa, pwaa!

Peres alicheka hadi akashika ukuta.

"Unacheka nini?" Ndunge akafoka.

"Nyama! Kwa Mabaniani! Hawa hawali nyama kabisa, mama. Wewe umewaletea damu mlangoni."

"Kwetu ndivyo tunavyosifu kiondo."

"Kwenu, ndiyo. Hapa ni kwao. Kiondo chako kinashinda changu, hata mimi nakionea wivu. Lakini wewe unasema unachopenda wewe. Mimi kwanza natazama. Niliona mboga zao zikipondeka mfukoni wakitoka sokoni. Nikamuuliza mpishi wanakula nini, na wanabeba nini wakienda hekaluni. Ndipo nikabisha. Dawa yangu ni macho na masikio."

Ndunge aliona haya. Na bado wivu ulimchoma: mbona hakuliwaza hilo yeye? Akajikaza, akabisha nyumba ya pili.

"Mama, hiki ni kipya, hakijaguswa na nyama. Ni cha mboga. Bilinganya zako hazitapondeka. Na hiki kidogo cha rangi, tia maua ya hekaluni."

Mama yule akakipokea, akauvuta mkanda kwa nguvu. Haukukatika. "Hii mzuri," akasema. "Iko ingine?"

Waliporudi, Ndunge alikwenda na Peres kwenye mfereji, akamwomba radhi mbele ya wanawake wale wale.

Tangu siku hiyo alitazama kabla ya kusema. Kwa wakulima wa Mutuini alisifu nguvu za kubeba mahindi. Mjini, mbele ya hoteli, aliwaonyesha wageni rangi alizochemsha kwa magome ya miti. Kiondo kilikuwa kile kile, na hakusema uongo hata mara moja. Alichagua tu sifa ambayo mnunuzi alikuwa na haja nayo.

Mawingu ya mvua yakajikusanya. Wambua akamtazama mkewe.

"Sasa nani atakwenda kulima?"

"Mimi nina wateja, baba Mwelu. Wananingoja."

Wambua akaomba likizo, akafunga jembe lake kwa gunia, akapanda basi la Kangundo peke yake.