Mkanda Kwenye Msumari

Meza ya cherehani ipo, pedali ipo, hata kiti kipo. Cherehani yenyewe hakuna. Na mwizi, eti, ameshakiri: mtoto wa miaka kumi na tatu anayefagia pale kwa mafundi, wanamwita Kijiko kwa wembamba wake.

Inspekta, mzee mpole mwenye kikohozi kisichopona, akaangaza macho chumbani. Ukutani akaona mkanda wa cherehani umetundikwa kwenye msumari, vizuri kabisa. Akaguna, akarudi kituoni.

"Alipokiri, nani alikuwa naye?"

"Mimi, afande," akajibu konstebo.

"Mzazi? Wakili? Ustawi wa jamii?"

"Aah, afande, alikubali mwenyewe chapuchapu."

"Ukinifungia peke yangu na wewe, hata mimi nitakubali! Kesho hakimu wa watoto akiuliza utamjibu nini? Kamlete bibi yake. Tunaanza upya."

Bibi akaja mbio, ndala hazifanani, akakaa akigusana na mjukuu wake.

"Mwanangu," inspekta akasema, "una haki ya wakili. Bibi hatoki hapa. Na ukitaka kunyamaza, nyamaza."

"Huyu anyamaze?" bibi akadakia. "Tangu azaliwe hajawahi!"

Kijiko akacheka, mara akaanza kulia. "Afande yule alisema nikikubali nitarudi nyumbani."

"Mashine uliitoaje?"

"Sijui... niliinyanyua tu."

"Na mkanda?"

"Mkanda upi?"

Basi. Ukiinyanyua bila kutoa mkanda, inang'ang'ania meza. Na mwizi mwenye haraka zake angeutupa chini, atundike ili iweje?

Inspekta akamfuata fundi mkongwe, mwenye kushonea mashine ile.

"Fundi, ukitaka kuitia mafuta, mkanda unauweka wapi?"

Fundi akaonyesha msumari kabla hajafikiri. Mkono ukabaki hewani.

"Ipo chini ya kitanda changu," akasema taratibu. "Tajiri anasema macho yangu yamekwisha, anampa kijana mpya. Mashine yangu, afande! Nimeanza nayo sina hata ndevu."

"Na mtoto ukamwacha?"

"Mtoto hafungwi. Nilijua atagombezwa tu, aende zake kwao."

"Kesho hakimu angeweza kumpeleka shule ya maadilisho. Geti, kufuli, na bibi anamwona kwa ruhusa."

Fundi akavua tepu ya kupimia shingoni, akaiweka juu ya meza tupu.

"Nipeleke nikamwombe radhi."

"Bibi yake akiwepo," akasema inspekta.