Mkono wa Pampu

Siku babu alipofariki, mkono wa pampu ulibaki chini ya kitanda chake mpaka jua likawa juu. Haikuwahi kutokea. Kila alfajiri babu aliubeba begani mpaka kisimani, nami nikimfuata na kopo lenye spana na bolti. Wezi wa vyuma chakavu walikwisha kuuiba mara moja, ndiyo maana kila jioni aliufungua akarudi nao nyumbani. Watu walimtania, "Mzee ana mke wa pili!" Bibi ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Shika hapo, mjukuu wangu," babu alizoea kuniambia. "Tundu lionane na tundu." Mimi niliushikilia mkono, yeye akapitisha bolti. Ilikuwa kazi ya watu wawili.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa. Wagombea walikuwa muuza duka wa karibu na shule, na mshonaji, baba yake rafiki yangu Kidoti. Wote wawili walikuja msibani. Wakakaa pembe mbili tofauti za uwanja, kila mmoja na watu wake.

Siku ya tatu muuza duka alimwambia bibi, "Mama, mzigo huu niachie mimi. Nitautunza."

Bibi hakuwa na nguvu ya kubishana. Akaitikia kwa kichwa. Nilimwona yule bwana akitoka na mkono wa pampu begani, akipita katikati ya njia ili kila mtu amwone. Hasira ikanipanda. Nikalichukua lile kopo, nikakimbia nalo kwa mshonaji.

"Baba Kidoti, shika. Bila hii bolti hawezi kitu."

Mshonaji alicheka, akalitia kopo kwenye droo ya cherehani. Na mimi nikacheka.

Kesho yake hakuna aliyecheka. Muuza duka alijaribu bolti za dukani kwake. Mbili zikapinda, ya tatu ikakatika. Akatangaza kwamba mshonaji amewanyima watu maji. Mshonaji naye akatangaza kwamba muuza duka ameuteka mkono ili ajipatie kura. Walitangaza asubuhi na jioni, kila mmoja na kipaza sauti chake, na pampu ikabaki kavu.

Tukaanza kwenda mtoni, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Nilichelewa shule siku nne mfululizo, na siku zote nne mwalimu wa zamu alinisimamisha nje ya darasa. Kidoti alisimama karibu yangu, sketi yake imelowa.

"Baba yako ana roho mbaya," nilimwambia.

"Na aliyempelekea hiyo bolti ni nani? Shangazi yangu?"

Nikampa kisogo. Hatukusemeshana tena wiki nzima.

Mama yangu ni mkunga wa zahanati. Alasiri moja alirudi, akakaa mlangoni bila kuvua viatu. "Leo nimempokea mtoto kwa maji ya jagi moja," alisema. "Jagi moja, kwa mama, kwa mtoto na kwa mikono yangu. Ikiingia homa pale, nitamwambia nani?"

Nilishindwa kumtazama. Nikaingia chumbani, bibi akikunja mashati ya babu, nikamweleza yote. Bibi alimaliza kulikunja lile alilokuwa nalo.

"Kumbe mimi nilitoa nusu, nawe ukatoa nusu," alisema. "Basi kesho tukavidai vyetu."

Jumamosi asubuhi bibi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya pampu, akanituma. Mshonaji alisema, "Yeye alete mkono kwanza." Muuza duka akasema, "Yeye alete bolti kwanza." Nikarudi kwa mshonaji. Nikarudi kwa muuza duka. Mara ya tatu nilikuwa nimechoka hata kuogopa. Nikasimama mbele ya wateja wa mshonaji.

"Baba Kidoti, bolti niliitoa mimi, kwa hasira tu. Haikuwa yangu kuitoa. Naomba unirudishie."

Cherehani ilinyamaza. Kidoti ndiye aliyeinuka, akafungua droo, akanipa kopo. Baba yake hakumzuia.

"Twende," Kidoti alisema. "Ule mkono huuwezi peke yako."

Dukani nilisema maneno yale yale, nikitikisa kopo ili muuza duka asikie bolti imo. Foleni yote iligeuka kumtazama. Mkono ulikuwa nyuma ya magunia. Tuliubeba, Kidoti mbele, mimi nyuma. Wagombea wote wawili wakatufuata haraka, kila mmoja akiogopa mwenzake atafika kwanza na kujisifu.

Kisimani walibishana nani apitishe bolti na nani ashike. Bibi aliwaacha mpaka wakaona haya. Mwishowe muuza duka akashika, mshonaji akapitisha, wakikoromeana, "Inua! Inua, bwana! Si huko!" Maji yakatoka, kwanza mekundu kwa kutu, kisha meupe.

"Wanangu," bibi alisema, "kugombea si kosa. Piteni nyumba kwa nyumba, semeni mtakayofanya, watu wachague. Lakini kitu tunachokitumia sote hakishindaniwi. Mume wangu hakumpigia kampeni mtu kwenye kisima hiki miaka kumi na tisa." Kisha akanigeukia. "Na wewe, ukikasirika, usitoe kitu cha watu kumkomoa mtu. Umekiri, vizuri. Ungeniambia siku ile ile, mama yako asingehangaika na jagi moja."

Mshonaji alishinda uchaguzi kwa kura kumi na moja. Muuza duka alimpa mkono wa pongezi, bila kutabasamu.

Sasa mkono wa pampu unalala chini ya kitanda cha babu. Kila alfajiri Kidoti hunigongea mlango, tunaubeba wawili. Mimi nashika, yeye anapitisha bolti.