Chupa Iliyochemshwa Pamoja na Mashuka

Dobi aliipata habari hiyo kwa jirani yake mshonaji, nayo ikamkaa kifuani, haitoki.

"Wale wanaokwenda chemchemi za maji moto wanarudi na vijidudu vinavyokula ngozi," mshonaji alisema. "Kuna mmoja mkono umemwoza."

"Nani kakwambia?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu, shoga yangu. Kwani watu wana majina?"

Dobi alicheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa na miezi miwili kwenye maabara. Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, kuchota maji na matope ya chemchemi za moto yakapimwe. Alikuwa kwenye majaribio. Mwezi mmoja uliobaki ukipita salama, angeajiriwa.

Ijumaa hiyo gari la kazini lilichelewa, maabara ikawa imefungwa. Binti akarudi nyumbani na chupa moja ya matope. Akaiweka kwenye rafu, kando ya sabuni.

"Mama, hiyo usiiguse. Nitaipeleka Jumatatu."

Asubuhi yake binti alitoka kwenda dukani. Dobi alikuwa anachemsha mashuka ya wateja. Kila akikoroga, jicho linakwenda kwenye rafu. Kila akiiona ile chupa, anauona mkono uliooza. Mwishowe aliibana chupa kwa vijiti viwili, akaitumbukiza ndani ya sufuria, katikati ya mashuka. Akaichemsha nusu saa nzima. Kisha akaifuta vizuri na kuirudisha mahali pake. Ilikuwa inang'aa.

Binti aliporudi alisimama mbele ya rafu.

"Mama, karatasi iko wapi?"

"Karatasi gani?"

"Iliyobandikwa kwenye chupa."

Dobi aliikuta ndani ya sufuria, chini kabisa. Imekuwa uji. "Lakini nimekuokoa, mwanangu," alisema. "Vijidudu vyote vimekufa."

Binti alikaa juu ya rundo la nguo, hajui acheke au alie. "Mama, vijidudu hivi nimevitoa kwenye maji yanayounguza. Vingine pengine vimekufa. Vingine umevipeleka kuoga tu. Kilichokufa hasa ni ile karatasi. Ilikuwa na namba ya chemchemi, joto la maji, tarehe na saa. Wewe ukikata nyuzi kwenye nguo za wateja wako, utajua shati ni la nani?"

Dobi alizitazama nguo za wateja. Kila mteja wake alikuwa na uzi wake: rangi yake na mafundo yake. Nguo isiyo na uzi haina mwenyewe.

"Watanifukuza, mama," binti alisema polepole.

Jumatatu dobi alivaa gauni lake la safari, akaongozana na binti yake mpaka maabara. Mkuu wa pale alikuwa mama wa makamo. Wafanyakazi walimwita Bi Kipimajoto, kwa sababu kipimajoto chake kilining'inia shingoni siku zote kama mkufu.

"Kosa ni langu, dada," dobi alisema kabla hata hajakaa. "Usimfukuze mtoto."

"Makosa ni mawili," alijibu Bi Kipimajoto. "Wewe umechemsha. Na yeye ameipeleka nyumbani. Vitu vya maabara havilali nyumbani kwa mtu. Angenipigia simu nije kufungua." Akawatazama wote wawili. "Kesho tunarudi kuchota upya. Na wewe twende, mama. Ukakione hicho kinachokutisha."

Kesho yake, kule chemchemini, mvuke ulikuwa unapanda, na harufu ni ya mayai yaliyooza. Kingo za maji zilikuwa na utando wa kijani na wa machungwa.

"Huo utando ndio vijidudu," Bi Kipimajoto alisema. "Viko maelfu kwa maelfu."

Binti alisimama pale penye mawe magumu, na viatu virefu na glovu nene. Chupa ilifungwa kwenye fimbo ndefu. Akapima joto kwanza: nyuzi sabini na tano. Kisha akachota. Kifuniko kikamponyoka, kikabingirika mpaka juu ya ardhi nyeupe kando ya maji.

Dobi, mikono yake imezoea kuokota, akapiga hatua kukifuata. Bi Kipimajoto alimdaka gauni kwa nyuma mpaka mshono ukaachia. Kisha akachukua fimbo nyingine, akagonga ile ardhi nyeupe. Ikapasuka kama ganda la yai. Chini yake maji yalikuwa yanatokota.

Dobi alirudi nyuma mpaka kwenye mawe. Alikaa chini. "Nilidhani nimekuja kumlinda mtoto," alisema. "Kumbe ni mimi wa kulindwa. Asante, dada. Asante sana."

Alipopata pumzi akauliza, "Na yule aliyeoza mkono?"

"Alikuwa mtu wetu. Hakuoza, aliungua. Alichota kwa kopo bila glovu. Amepona, amebaki na kovu. Hakuliwa na mdudu. Lakini usije ukanywa maji haya. Yanaweza kuwa na sumu itokayo kwenye mawe ya chini, au hata vijidudu vya magonjwa. Huwezi kujua kwa macho."

"Sasa mnavitafutia nini?"

"Nikuulize wewe. Doa la damu unalifua kwa maji gani?"

"Ya baridi. Ya moto yanalikaanga, halitoki tena."

"Vijidudu hutoa vitu vinavyoitwa vimeng'enya. Kazi yake ni kukatakata chakula kiwe vipande vidogo. Hata tumbo lako lina vimeng'enya. Vingine hukata damu, maziwa na mayai, kwa hiyo vinafaa kwenye sabuni. Lakini vingi vikiingia kwenye maji moto sana vinaharibika. Vijidudu vya hapa vimezaliwa motoni, na vimeng'enya vyake vimezoea."

"Kwa hiyo nitafua na wadudu?"

"Hapana. Unapokula yai, unamla na kuku?"

Binti alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Wakati huo chupa mpya ilikuwa imefungwa kwa kifuniko cha akiba, lakini karatasi yake ilikuwa imeanza kubanduka kwa mvuke. Dobi aliitazama, akatikisa kichwa. "Hii hata bila sufuria yangu ingetoka." Akafungua mkoba, akatoa nyuzi zake. Chemchemi ile ilikuwa namba mbili. Akafunga uzi mwekundu shingoni mwa chupa, mafundo mawili; joto, tarehe na saa binti akaviandika daftarini. Bi Kipimajoto aliuvuta. Haukutoka.

Wiki tatu baadaye dobi aliitwa maabara. Juu ya meza kulikuwa na sahani za rojo iliyoganda, nyeupe kwa maziwa. Kwenye sahani moja vijidudu vilikuwa vimekua kama vidoa, na kuzunguka kidoa kimoja ule weupe umetoweka, pamebaki duara safi.

"Kijidudu hiki kimeyala maziwa hayo kwenye joto kali," binti alisema. "Kimetoka kwenye chupa ya mafundo mawili."

Walijaribu kimeng'enya chake kwenye kitambaa chenye damu iliyokauka, ndani ya maji moto. Doa likatoka. Ilibaki kazi ya miaka kabla hakijafika kwenye sabuni. Lakini binti aliajiriwa, na tangu siku hiyo kila chupa ilifungwa uzi.

Dobi alirudi nyumbani na makoti meupe ya maabara nzima. Aliyafua na kuyapiga pasi moja moja. Ndiyo shukrani aliyokuwa nayo.

Mshonaji alipomrudishia gauni lake lililoshonwa, alianza tena, "Watu wanasema..."

"Watu wana majina, shoga," dobi alisema. "Mmoja ni mimi. Kaa, nikwambie nilichokiona."

Mambo ya kuepuka:

Usikanyage ardhi nyeupe kando ya chemchemi ya moto.
Usichote maji hayo kwa kopo wala kwa mkono mtupu.
Usiyanywe, hata yakiwa maangavu.
Usiende peke yako.
Usilete nyumbani chupa ya maabara.
Ukiikuta, usiifungue, usiioshe, usiichemshe.
Usibandue alama ya chupa.
Usiibebe habari ambayo mwenyewe hajulikani.